Mashine Moja na Miguu Mitatu

Nayaandika haya kwa ajili ya mtu aliyeamka leo akakuta doa la maji kwenye shuka, upande wa miguuni, akaligeuza shuka haraka kabla mwenzake hajaliona. Nakujua. Sitakueleza sukari ni nini wala inaifanyaje mishipa ya mwili. Hayo utaelezwa na wenye makoti meupe, tena utaelezwa mara nyingi kuliko utakavyo. Mimi nitakueleza namna ya kukaa kwenye benchi, maana ugonjwa huu, kwa sehemu kubwa, ni kukaa kwenye benchi.

Kidonda changu kilianza siku ya Ijumaa, katikati ya kaskazi, kwa sababu ya ujanja. Nilikuwa nimepoteza jozi mbili za makubadhi mlangoni mwa msikiti. Sisemi yaliibwa. Hapa Kilindoni, mji wetu wa kisiwani, makubadhi hayaibwi siku ya Ijumaa, hubadilishwa: mtu anaingia na mabovu, anatoka na mazuri, huku midomo yake bado inasoma uradi. Kwa hiyo Zuhura, mke wangu, aliponinunulia jozi ya tatu, nilibuni mbinu. Niliyaacha dukani kwa rafiki yangu ng'ambo ya barabara, nikavuka peku.

Ilikuwa karibu saa saba mchana. Lami ilikuwa imeiva, na saruji ya uani mwa msikiti ilikuwa imeiva zaidi. Waliosahau viatu vyao mbali walikuwa wakirukaruka kama wanacheza ngoma. Mimi nilitembea taratibu kama bwana harusi. Nakumbuka kabisa kwamba nilijivuna. Nilidhani ni subira. Kumbe nyayo zangu zilikuwa zimeacha kuniletea habari siku nyingi, na mimi, msomi wa chuo kikuu, ninayeitwa Mwalimu mji mzima, mwandishi wa makala za magazeti kuhusu haki na maendeleo, sikuwa na taarifa.

Jioni Zuhura alikuwa anafagia, akaona alama za unyevu sakafuni, moja moja, za mguu wa kulia tu.

"Baba Nasra, umekanyaga nini?"

"Sijakanyaga kitu."

"Basi umekanyagwa. Kaa hapa."

Nikakaa. Akaugeuza mguu wangu, akanyamaza. Miaka ishirini na mitano ya ndoa imenifundisha kwamba Zuhura akisema sana hakuna neno. Akinyamaza, tafuta pikipiki.

Hospitali walinipangia siku za kusafisha: Jumatatu na Alhamisi. Tangu hapo sikuwa tena na wiki. Nilikuwa na Jumatatu na Alhamisi, na kati yake siku fulani zisizo na jina. Chumba cha vidonda kiko mwisho wa varanda, kina pazia la kanga kuukuu badala ya mlango, na nje yake benchi la mbao ambalo limelainishwa na makalio ya wilaya nzima. Ndani alikuwa Sista Rehema, muuguzi mwenye mikono myepesi na ulimi mzito. Alikuwa akikuumiza, anasema pole mara moja tu, halafu anaendelea.

Kwenye benchi hilo nilipata majirani wawili. Mmoja ni Bi Mwanaidi kutoka kisiwa kidogo cha Jibondo, mjane, mkulima wa mwani, aliyekanyaga kijiti cha shamba lake chini ya maji, akakichomoa na kuendelea kufunga mwani mpaka maji yakajaa. Naye ana sukari kama mimi, na naye hakusikia maumivu. Ili afike kwetu ilimbidi aondoke baada ya sala ya alfajiri, apande mashua mpaka Utende, kisha bodaboda mpaka Kilindoni, mguu ukiwa umefungwa kwenye mfuko wa sukari, jambo ambalo yeye mwenyewe aliliona kichekesho. Wa pili ni Shomari, mvuvi wa dago, yaani mmoja wa wale wanaokuja kutoka wilaya za kusini na kupiga kambi kisiwani msimu wa samaki. Yeye alichomwa na samaki taa kwenye kifundo, na mwiba wa taa ukikuingia hauagi.

"Shikamoo Bi Mwanaidi," nilikuwa nikisema kila nikifika.

"Marahaba mwanangu. Umeamka na mguu?"

"Nimeamka nao."

"Alhamdulillahi. Kaa hapo pana upepo."

Pale penye upepo palikuwa mwisho wa benchi, na ilinichukua wiki mbili kuelewa kwa nini alikuwa akiniachia. Ni harufu. Hili hakuna aliyeniambia, basi nakwambia wewe: kidonda kinanuka, na mwenye kidonda ndiye wa mwisho kujua. Nyumbani Zuhura alianza kufukiza udi saa zisizo za udi, saa nne asubuhi, saa tisa alasiri, bila kusema kwa nini. Mimi nikamsifu kwamba siku hizi nyumba imekuwa na heshima. Akaongeza udi. Baadaye nilipoelewa, nililia kidogo, chooni, bomba likiwa wazi.

Ramadhani ikaingia, daktari akanikataza kufunga. Kwa mtu wa umri wangu, mwenye mvi za kutosha kuwashauri wengine, kula mchana wa Ramadhani, hata kwa ruhusa, ni kama kutembea bila suruali. Nilikula muhogo wa kuchemsha chumbani, nimeupa mlango mgongo. Suruali zenyewe zilikuwa zimeanza kunipwaya. Zuhura alizipunguza kiunoni, kisha akazipunguza tena, mara ya tatu akaacha sindano ndani ya kitambaa, akisema hatashona sanda. Tuligombana kuhusu tende. Tuligombana kuhusu chai. Binti yetu Nasra, aliyeko bara masomoni, alikuwa akipiga simu kila jioni, na kila jioni sisi wawili tulikuwa tukisema kwa sauti moja kwamba kila kitu kinaendelea vizuri. Ndilo jambo pekee tulilokubaliana mwezi ule.

Mwanzoni mwa masika, mashine ikaja.

Hapa sina budi kukiri. Mwaka uliotangulia, kabla mguu wangu haujaungua, Daktari Haji aliniita. Ni kijana, mzaliwa wa hapa, mwenye haraka ya watu wema. Akaniambia kuna mradi utaazima hospitali mashine moja mpya ya kunyonya maji ya vidonda, haijawahi kufika kisiwani. Mashine ni moja na sponji zake ni chache. Inatakiwa karatasi ya kueleza nani apewe. Mimi niko kwenye kamati ya hospitali, tena mimi ndiye mwenye Kiswahili. Nikaandika ukurasa mmoja na nusu kwa raha kubwa. Mgonjwa awe mkazi wa wilaya. Aishi karibu na hospitali. Awe na umeme wa uhakika nyumbani. Aweze kusoma na kufuata maelekezo. Na akishapewa, aitumie mpaka kidonda kifunge, ili matokeo yawe kamili. Hakuna jina la mtu, hakuna ukoo, hakuna cheo. Nilifumba macho kabisa nisije nikampendelea mtu. Nilipoyafumbua, aliyesimama mbele yangu peke yake nilikuwa mimi.

Sista Rehema alitoka nayo ile karatasi hadharani, akatusomea watatu pale benchi.

"Nani ana umeme wa uhakika?"

"Mimi nina tochi," akasema Shomari.

"Mimi nina jua," akasema Bi Mwanaidi.

"Nani mkazi?"

"Mkazi wa wapi, Sista? Samaki wa hapa wote wananijua."

Sista akaendelea kusoma mpaka mwisho. Shomari alisikiliza kwa makini, kichwa upande, kama anayesikiliza injini.

"Karatasi hii kaandika nani?"

Sista Rehema alinitazama, akatazama dari. Mungu amlipe. Mimi nikakohoa.

"Kiswahili chake kizuri mno," akasema Shomari. "Imenitoa nje bila hata kunitukana."

Basi nikapewa mimi. Usitishike na neno mashine. Ni kitu kama redio ndogo ya betri. Wanakuwekea sponji nyeusi ndani ya kidonda, juu wanabandika plastiki inayonata, kisha mpira mwembamba unapeleka uchafu kwenye kikopo. Inaning'inia begani kama mkoba, usiku inalala nawe, inakoroma. Siku ya kwanza Zuhura aliitazama ikiwa kitandani upande wake.

"Karibu mke mwenzangu," akaiambia. "Mimi ndiye bi mkubwa. Ukikoroma, koroma kwa adabu."

Na ilifanya kazi. Sitakuficha. Jumatatu ya kwanza harufu ilipungua, ya pili ikaisha. Udi ukarudi kwenye saa zake. Nilianza kulala. Nilianza hata kuandika makala kichwani, kuhusu teknolojia na visiwa, nikijisikia kama mtu wa kwanza kushuka mwezini.

Majirani zangu waliendelea kusafishwa kwa maji ya chumvi na shashi. Cha Shomari, kwa ujana wake, kilikuwa kinajikokota kupona. Cha Bi Mwanaidi kilikuwa kinakwenda upande wa pili. Kila Alhamisi alikuja na rangi mpya usoni, na kila Alhamisi aliniachia pale penye upepo, ingawa sasa sikuwa nanuka tena, na aliyenuka alikuwa yeye.

Siku moja ya mvua, tukiwa tumejibanza ukutani, aliniuliza.

"Mwalimu, hiyo mashine, nyama ikishakuwa nyekundu, inafanya kazi gani?"

"Inaharakisha, Bi. Kazi kubwa ni ile ya mwanzo, kutoa uchafu na kuamsha nyama. Baadaye inaharakisha tu."

"Anhaa." Akakung'uta maji ya mvua kwenye mwavuli wake. "Sisi Jibondo, nilipokuwa mdogo, maji yalikuwa yanakuja kwa chombo. Kisiwa kikavu, unakijua. Chombo kikifika, watu wote ufukweni na ndoo zao. Ilikuwa sheria: kila nyumba ndoo moja kwanza. Hata uwe na watoto kumi, ndoo moja. Hata uwe nahodha wa chombo chenyewe. Mpaka nyumba ya mwisho ipate ya kwanza, hakuna anayegusa ya pili. Ya kwanza ni ya kunywa. Ya pili ni ya kufulia."

"Na mgeni?" akauliza Shomari. "Mtu wa dago?"

"Mgeni hana ndoo. Mgeni anapewa kata ya maji. Lakini anapewa papo hapo, kabla ya ndoo."

"Haya, kata yangu iko wapi?"

"Subiri, hawajafika na chombo."

Tulicheka. Mimi nilicheka kidogo kuliko wao. Bi Mwanaidi akanigusa bega kwa ncha ya mwavuli.

"Sikuombi kitu, Mwalimu. Nakusimulia tu maji."

Jumatatu iliyofuata Sista Rehema alinifungua nyuma ya pazia, akafurahi waziwazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Tazama. Chekundu kama tikiti. Hiki sasa hata shashi ingekitosha."

Nilitazama. Kilikuwa kizuri, kama kidonda kinaweza kuwa kizuri. Nilijua vyema alichokuwa ananiambia. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki:

"Tumalize wiki hii, Sista. Tuone."

Hakubisha. Akakata sponji mpya. Zilikuwa zimebaki chache kwenye boksi, na wote wawili tulikuwa tunaliona hilo boksi.

Ili kuitafutia fikra yangu nguo ya kuvaa, nilikwenda kwa Daktari Haji. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza habari za mtu mwingine: mgonjwa akifikia hatua hii, je, mashine isihamishwe?

"Mwalimu," akasema, akivua miwani, "wenye mradi wananiuliza swali moja tu. Inafaa huku kwetu au haifai? Nikiwa na mgonjwa mmoja, picha zake kuanzia siku ya kwanza mpaka kidonda kimefunga, naweza kuomba mashine nyingine na sponji za mwaka. Nikikata katikati nina nini? Nusu ya hadithi. Nusu ya hadithi hainipatii hata pamba."

"Na Bi Mwanaidi?"

"Ndiye ninayemfikiria. Yeye na watakaokuja nyuma yake. Mashine moja haitutoshi. Ushahidi ndio utakaoleta nyingine."

Naomba usimlaumu daktari huyu. Alikuwa akitazama mbali kuliko sisi wa benchi, na kutazama mbali ni sehemu ya kazi yake. Mtu asipojaribu kitu kipya mpaka mwisho, kipya hakitufikii kamwe, tutabaki na maji ya chumvi hadi Kiyama. Tatizo lilikuwa mimi. Nilikuwa natafuta sababu ya kubaki na mashine, na sasa nimepewa sababu yenye shahada. Nilitoka pale nikitembea vizuri.

Alhamisi Bi Mwanaidi hakuja. Bahari ilichafuka, mashua hazikuvuka. Nilimshukuru Mungu kwa sababu nisiyotaka kuitaja.

Jumatatu akaja. Aliletwa na mpwa wake, amemshika kwapani. Alipofunguliwa, pazia halikurudishwa vizuri, nikaona. Kidole kidogo kilikuwa cheusi, na cha jirani yake kilikuwa kinaanza. Havikuwa na wekundu wala ukijivu. Ulikuwa weusi wa makaa. Sista Rehema hakusema pole hata mara moja. Akaenda kumwita daktari.

Nyumbani nilimkuta Zuhura anachambua mchele. Nikamweleza kuhusu vidole. Akaendelea kuchambua.

"Chako kimekuwa chekundu lini?"

"Jumatatu iliyopita."

"Na leo?"

"Jumatatu."

Akatoa jiwe moja, akalitupa uani. "Nilipoposwa niliambiwa nimepata msomi. Mama akapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza anasoma nini."

"Daktari anataka matokeo kamili. Halafu Bi Mwanaidi anaishi ng'ambo ya maji, umeme hana, kigezo kinasema—"

"Hapa kuna umeme au hakuna?"

"Upo."

"Chumba cha Nasra kina mtu?"

"Hakina."

"Kigezo kaandika nani?"

Nikakohoa.

"Basi mwandishi wake akakifute. Na ukirudi, pitia sokoni, mgeni halali na njaa."

Niseme ukweli kuhusu ushujaa wangu: niliogopa. Nakwambia wewe uliyeko kwenye benchi, kwa sababu watu watakusimulia wagonjwa wenye moyo mkubwa na utajiona mdogo. Usiku kucha niliota mguu wangu unanuka tena. Alhamisi, Sista alipouchomoa mpira na mashine ikanyamaza, ule ukimya ulinitisha kuliko kidonda. Daktari Haji alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanisikiliza nikisema mashine iende kwa Bi Mwanaidi, naye alale kwetu penye umeme, kisha akafuta miwani.

"Wataniuliza kwa nini nimekata," akasema.

"Waambie nyumba ya mwisho ilikuwa haijapata ndoo ya kwanza."

"Siwezi kuandika ndoo kwenye ripoti, Mwalimu."

Lakini baadaye aliandika kitu. Aliandika kwamba mgonjwa wa kwanza aliachishwa mashine kidonda kikiwa chekundu, na kwamba atafuatilia kitakavyoendelea kwa shashi tu. Halafu akaniambia, huku macho yakimng'aa kama mtu aliyeokota kitu njiani, kwamba pengine hilo nalo ni swali zuri: sisi tusio na mashine za kutosha tunaweza kuitumia kwa muda mfupi kiasi gani, na bado ikafaa? Wenye mashine kumi hawana haja ya kuuliza hivyo. Majibu ya ripoti yalichukua miezi. Hawakutusifu wala hawakutulaumu. Walileta boksi jingine la sponji, na mashine haijarudishwa mpaka leo.

Vidole viwili vya Bi Mwanaidi vilikatwa. Akatoka wodini na mashine begani, akaingia nyumbani kwetu na mkeka wake, chungu chake, na maoni yake. Siku ya kwanza alionja mchuzi wa samaki.

"Zuhura mwanangu, tui hili limeiona nazi au limesimuliwa?"

Nilitegemea vita. Zuhura akacheka mpaka akakaa chini. Siku ya pili walikuwa wanakuna nazi pamoja. Siku ya tatu nilikuwa mgeni katika nyumba yangu.

"Huyo ni mke mwenzangu, Bi," Zuhura alimwambia, akiionyesha mashine. "Nimekuachia."

"Mbona hafui?"

Alikaa wiki tatu. Jumatatu na Alhamisi tulikwenda hospitali kwa bajaji moja, miguu miwili mibovu imenyooshwa mbele kama makasia. Mguu wake ukakata shauri kubaki. Vidole vitatu, kisigino, na unyayo wote, salama. Mara nyingi katika wiki zile nilitaka kumwambia kuhusu Jumatatu ile, na mara nyingi nilimwambia habari nyingine: bei ya mwani, ukame, Nasra. Maneno yangu ni mengi, yale yaliyotakiwa tu ndiyo hayakupatikana.

Shomari hakupata kata yake. Kigezo cha ukazi kilikuwa kimefutwa, zamu yake ilikuwa inayofuata, lakini kusi ilianza na dago likahama. Alikuja kutuaga benchi.

"Nibaki hapa na mashine, wenzangu wavue bila mimi, nyumbani wale nini? Wekundu wa kidonda?"

Sista Rehema alimjazia mfuko wa shashi, akamwandikia kwenye karatasi jinsi ya kujisafisha, kisha akamsomea mara tatu kwa kuwa hasomi. Wiki kadhaa baadaye ilikuja picha kwenye simu: kifundo chenye kovu baya lenye umbo la kisiwa, na kando yake samaki kolekole mkubwa, amewekwa kusudi ili nione kipi kinamfurahisha zaidi. Alipona kwa ujana na ukaidi. Siwezi kusema tulimtendea haki. Alipona, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Changu kilichukua kusi yote. Kwa shashi kilikwenda polepole, kikasimama, kikanitisha, kikaendelea. Kilifunga na mvua za vuli, siku ya Alhamisi. Sista Rehema alikitazama, akanipiga kofi dogo gotini, akasema, "Toka hapa. Sitaki kukuona."

Juma lililofuata mimi na Zuhura tulivuka kwenda Jibondo. Tulimkuta Bi Mwanaidi kibarazani kwake, anaanua mwani mkavu kutoka kwenye mkeka, amevaa viatu vya kufunika, vikubwa, vya kiume. Tulikula, tulikunywa, Zuhura akasifiwa tui. Nilipoona siwezi tena kusifu nyumba, nikasema.

"Bi, kuna jambo. Ile Jumatatu, kabla ya vidole. Sista aliniambia—"

"Kwamba kimekuwa chekundu kama tikiti," akamalizia. "Ukasema mmalize wiki. Nilikuwa upande wa pili, Mwalimu. Pazia lile ni kanga, si ukuta."

Zuhura alinitazama, kisha akautazama mwani.

"Ulijua, ukakaa kwangu wiki tatu?" nikauliza.

"Ningekaa wapi? Kwa umeme wa nani?" Akaendelea kukusanya mwani. "Nilikukasirikia. Ulikuwa ukileta shikamoo yako asubuhi naiitikia kwa meno. Halafu siku moja nikajiuliza, ingekuwa mimi je, nina mashine, mguu unapona, nani aje kunisimulia habari za maji? Ningeomba wiki mbili."

"Lakini vile vidole, Bi..."

"Pengine ni wewe. Pengine ni bahari ya ile Alhamisi. Pengine ni mimi, niliyekaa mwezi mzima napaka mafuta ya nazi badala ya kwenda hospitali. Vidole viwili, wakosaji watatu. Haigawanyiki, mwanangu. Iache."

Nikaiacha.

"Sasa fanya kazi," akasema. Alivua kiatu chake, akaunyoosha mguu juu ya mkeka. "Sista amesema mguu utazamwe chini kila siku, na mimi siwezi kuinama, na nakaa peke yangu. Jirani hunitazamia, leo hayupo. Nitazamie."

Zuhura akainuka. Bi Mwanaidi akamzuia kwa mkono.

"Wewe kaa. Wewe huna kidonda, utaona mguu tu. Huyu ataona anachokiogopa."

Nikapiga magoti, nikawasha tochi ya simu. Unyayo ule ulikuwa mgumu, umepasuka kama udongo wa kiangazi, na pale vidole vilipokuwa kulikuwa na kovu jipya, laini, la rangi ya ndani ya kombe la ufukweni. Nilitazama kisigino. Nilitazama kati ya vidole vitatu, kimoja kimoja. Karibu na ukingo, kitu kidogo cheusi. Taa yangu ikasimama hapo.

"Nini?" akauliza.

Nikasogeza taa.

"Mwani."

"Si uutoe."

Nikaupuliza. Ukaruka. Chini yake ngozi ilikuwa nzima.

"Hakuna kitu, Bi."

"Alhamdulillahi." Akajisogeza nyuma, akapangusa mahali kwenye mkeka kwa kiganja, mbele ya magoti yake. "Haya. Lete wako."

Nikaunyoosha.